Dakika Tatu za Njia ya Lubumbashi

Siku yangu ya kwanza kazini, uwanja wa ndege wa Johannesburg, nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikafika kabla ya wenzangu wote, na nikaulizwa swali nililodhani ni la mtoto wa darasa la nne. Mkuu wa Zamu, Mzungu wa Pretoria mwenye masharubu ya kijivu, alinionyesha kiti kwa kidevu, akauliza kwa Kiingereza chake kizito: "Johannesburg mpaka Dar es Salaam ni umbali gani?"

Mimi ni mtu wa Tanga. Njia ya kwenda kwetu naijua hata nikiwa usingizini. Nikajibu haraka kwamba ni kilomita elfu mbili na mia nne na ushei.

"Na muda?"

"Saa tatu na nusu, bwana."

"Nani amekwambia?"

"Kitabu."

"Na hicho kitabu kimewahi kukutana na upepo?"

Akanipa tufe la dunia na kipande cha uzi, akaniambia nivute uzi kutoka mji hadi mji mpaka ukaze. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya dunia, alisema, na ni ndege chache sana zinazoipita kama ilivyo. Kuna anga za nchi ambazo lazima uombe ruhusa, kuna mawingu ya kukwepa, na kule juu kuna upepo unaotoka magharibi, mkali zaidi wakati wa baridi. Ukienda Dar unakusukuma mgongoni. Ukirudi unakupiga usoni. Umbali ni uleule, lakini kwenda si kurudi. Wanangu mnaofungua simu na kuambiwa "saa tatu na nusu", mjue kuna mtu aliyekaa akaipigania hiyo nusu.

Kazi yangu kwa jina la mkataba ilikuwa afisa mipango ya safari za ndege. Nyumbani Tanga walidhani nakata tiketi, na mjomba wangu mmoja alikufa akiamini narusha ndege. Ukweli uko katikati. Kabla ndege haijaondoka, mpanga safari ndiye anayekokotoa ipite njia gani, iruke juu kiasi gani, itumie muda gani, na ibebe mafuta kiasi gani: ya safari yenyewe, ya kwenda uwanja mwingine iwapo ule unaokusudiwa umefungwa, na ya nusu saa ya mwisho ambayo hayaguswi ila kwa shida. Rubani anatia saini, nami natia yangu. Mambo yakiharibika, saini hizo mbili ndizo za kwanza kutafutwa.

Mkuu wa Zamu alikuwa na sheria moja aliyoishikilia kama dini. Kila ndege ikitua, tuliandika muda tuliopanga na muda uliotumika, na tofauti ikiwepo, hata ya dakika moja, lazima iwe na mwenyewe. Upepo. Foleni ya kutua. Wingu la mvua. Ukiandika "haijulikani" alikurudishia daftari. "Dakika haizaliwi bila baba," alikuwa akisema, na sisi wanawake wawili wa ile zamu tulicheka kila mara, yeye hacheki. Nilimwogopa mwaka mzima, kisha nikampenda. Sijapata kuona mtu mwenye adabu kwa kazi yake kama yule.

Kutoka kwake nilihamishiwa meza ya uzito, ambako Msimamizi alikuwa mama wa Kizulu kutoka Soweto, mfupi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Pale ndipo nilipojifunza kwa nini Johannesburg ni mji mgumu kwa ndege. Tuko juu sana, karibu mita elfu moja na mia saba kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Mchana wa Januari, joto likipanda, inazidi kuwa nyepesi, mabawa hayapati cha kushika, na injini nazo zinahema. Ndege ambayo Dar ingeruka na kila kitu, hapa inabidi uipunguzie.

Sasa, mzigo wa begi unapimwa. Mtu hapimwi. Kwenye karatasi ya uzito kila mtu mzima anaandikiwa namba moja, awe mnene awe kimbaombao, na mkoba wake wa mkononi umo humohumo. Ni makadirio, na kwa kawaida yanakubaliana na ukweli. Lakini Msimamizi hakuyaamini kibubusa. "Eish, Saumu," aliniambia siku ya kwanza, "karatasi haina macho. Kabla hujasaini, shuka ukawaone watu wako." Basi nikawa nashuka kila safari, naangalia foleni, napanda tena. Wenzangu walinicheka kwamba natafuta mchumba.

Miaka ikaenda. Nilifanya kazi katika kampuni tatu, nikapanda ngazi, na mwisho nikawa mpanga safari mwandamizi wa kampuni ndogo iliyokuwa na ndege za abiria hamsini, ikienda Lubumbashi mara nne kwa juma. Bosi wangu pale alikuwa Meneja wa Operesheni, Mkenya wa suti zilizopigwa pasi, aliyekuja kazini kwa treni ya kasi kutoka Sandton na hakuchelewa hata siku moja. Njia ya Lubumbashi niliipenda kuliko zote. Ni kilomita elfu moja na mia sita hivi, karibu kaskazini tupu, saa mbili na dakika kumi, na saa za miji yote miwili ni zilezile. Abiria wake niliwafahamu kwa sababu niliishi nao Observatory, mtaa mmoja wa Johannesburg.

Jirani yangu wa karibu alikuwa Mama Mireille, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, Mkristo wa kanisa la pale juu ya duka katikati ya mji. Mimi naswali, yeye anaimba. Tulikuwa tukiazimana sufuria na kuteta waume wa watu. Wanawake wafanyabiashara walikaa kwake kungoja nguo zao, na mazungumzo yao hayakuwa mengine ila mizigo: begi limezidi, begi limerudishwa, begi limeachwa. Niliwastahi sana wale wanawake. Walilisha nyumba za miji miwili kwa begi moja la kilo ishirini na tatu.

Jumapili moja, nikiwa nimekaa kwake nakula sombe, kisamvu cha kwao, mmoja wao alilalamika mpaka machozi yakamtoka. Nami, kwa kutaka kumchekesha na, niseme kweli, kwa kutaka kujionyesha, nikasema: "Mizani inapima begi, haimpimi mtu. Kwenye karatasi yetu nyote mna uzito mmoja. Vaeni tu." Wakacheka. Mama Mireille hakucheka. Aliacha kukanyaga cherehani, akaniangalia, kisha akaendelea kushona.

Kama miezi miwili baadaye daftari likaanza kunisumbua. Ndege ya kwenda Lubumbashi ilikuwa ikichelewa angani. Dakika mbili, siku nyingine tatu. Mafuta nayo yakawa yanaliwa kidogo zaidi ya nilivyopanga. Nikaandika "upepo". Juma la pili, "upepo". Lakini Mkuu wa Zamu, popote alipokuwa amestaafia, alikuwa bado amekaa kichwani mwangu. Upepo ukikuchelewesha kwenda, utakuharakisha kurudi. Sasa mbona kurudi ndege inatumia muda uleule nilioupanga, haupungui wala hauzidi? Niliwauliza marubani, wakasema ndege inachoka kupanda. Niliwauliza mafundi, wakafungua injini wakaifunga, hawakuona kitu. Zile dakika tatu zikakosa baba.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya Januari, mchana wa joto la kuyeyusha lami. Mama Mireille alikuwa akisafiri. Binti yake, ndiye huyo Mireille, alikuwa akiolewa kesho yake asubuhi Lubumbashi, na mama alikuwa ameshona vitenge vya sare kwa ukoo mzima upande wa bibi harusi. Alikuwa anakwenda na wanawake kumi na watatu wa kanisani kwake. Kazi hiyo ilimchukua miezi, nami niliona kila kipande kikipita kwenye cherehani.

Nilimaliza karatasi, nikashuka kama kawaida yangu. Nikawaona. Wanawake kumi na wanne, katika joto lile, wamevaa makoti marefu ya sufu. Kwanza nilicheka. Kisha nikaona koti la kumi na tano, limevaliwa na mwanamume. La kumi na sita. Mshono ni uleule, kola ni ileile. Nikasogea, nikagusa mkono wa koti la mama mmoja niliyemfahamu, nikahisi ndani yake mna kitu kama tofali, nguo zilizokunjwa zikashindiliwa. Mifuko ilikuwa imeshonwa kwa ndani kutoka kwapani hadi gotini. Niliyahesabu mpaka mwisho wa foleni: makoti ishirini na tisa.

"Mama Mireille," nikamwita pembeni, "haya makoti umeyashona lini?"

"Tangu ile siku ulitwambia," alijibu kwa furaha, kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, ambako watu ni "bantu" na ndiyo ni "njo". "Bantu banayapenda sana. Nimeshona mengi, dada. Kila ndege inaenda nayo."

Yanakwenda yamejaa, yanarudi matupu. Kwa miezi nilikuwa nikitia saini karatasi ya uwongo, na uwongo wenyewe niliutunga mimi, huku nikila sombe ya mtu.

Naomba mnielewe jambo moja. Nilikuwa na njia ya kunyamaza. Ndege ilikuwa imeruka hivyo mara nyingi na ikafika. Ningeweza kuongeza mafuta kidogo, nikasaini, na Jumapili nikamkataza Mama Mireille kimyakimya. Leseni yangu ingebaki, rafiki yangu angefika harusini na vitenge vyake. Lakini siku zile nyingine hazikuwa na joto kama lile, na hazikuwa na abiria hamsini kamili. Nilipanda ngazi mbilimbili hadi kwa Meneja wa Operesheni.

Alinisikiliza bila kukatiza. Kisha akauliza, "Na hawa watu, nani aliwaambia hiyo maneno ya mizani?"

"Ni mimi."

"Wewe, Mama Saumu?"

"Mimi, bwana. Kwa kinywa changu."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai yake. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Sawa. Enda uwapime, mmoja mmoja, vile walivyo. Ndege haitoki bila hiyo hesabu. Mambo yako wewe tutaongea Jumatatu." Kisha akanyanyuka, akavua koti la suti yake, akashuka pamoja nami kusaidia. Kuna mabosi wangefunga mlango wapige simu kwa mwanasheria. Yule alikuja akasimama kando ya mizani akiandika namba kwa mkono wake.

Tuliwapima kwenye mizani ya shehena, ile ya chuma iliyo sawa na sakafu. Ili wasione wanadhalilishwa, nilipanda mimi kwanza, namba yangu ikasomwa kwa sauti, na mtu mmoja nyuma akasema sikuonekana kuwa mzito hivyo. Hiyo ilisaidia. Lakini hesabu ilipotoka haikuchekesha. Tulikuwa tumezidi kilo mia tano na zaidi juu ya karatasi yangu, na kwa joto lile ndege haikuruhusiwa kubeba hata kilo moja ya hizo. Mafuta ya akiba hayapunguzwi. Yalibaki mambo mawili: waachwe watu kadhaa, au yaachwe makoti na vilivyomo, vitenge vya harusi pia, vije na ndege ya kesho mchana.

Harusi ilikuwa kesho asubuhi.

Nilikwenda kumwambia Mama Mireille mwenyewe. Alinitazama kana kwamba nazungumza lugha asiyoijua. "Dada, njo weye ulitufundisha," alisema, na alisema kwa sauti, mbele ya foleni nzima na mbele ya bosi wangu. "Mi niko mama ya bibi harusi. Nitasimama mbele ya bakwe na sketi ya safari?"

"Utasimama," nilimwambia. "Hilo ndilo ninalolitaka, usimame."

Alivua koti taratibu, akalikunja vizuri kama nguo ya marehemu, akaliweka sakafuni. Wenzake wakafuata. Ndege iliondoka saa nzima baada ya wakati wake, na Mama Mireille alipanda bila kugeuka nyuma.

Alipotua Lubumbashi, Kapteni aliyerusha ndege ile alinipigia simu. Alikuwa mtu wa utani, lakini siku ile hakutania. Aliniambia kwamba mara walipoinuka, wingu la mvua lililokuwa mashariki mwa uwanja liliwashushia upepo kutoka juu, na kwa sekunde kadhaa ndege ilikataa kupanda. "Niliona mabati ya nyumba na watoto wanaangalia juu," alisema. "Ungeniachia zile kilo, Saumu, sasa hivi nisingekuwa nakupigia."

Nilikaa na maneno yale mpaka machweo. Yana ncha mbili, na wote mnaofanya kazi hii mtaziona. Ile saa moja ya kupima watu ndiyo iliyoikutanisha ndege na lile wingu. Wangeondoka kwa wakati, huenda anga ingekuwa tupu. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko hesabu nyingine yoyote maishani mwangu, na haijawahi kunipa jibu moja.

Jumatatu Meneja alinipa barua ya onyo, akaniondoa kwenye mipango kwa miezi mitatu, akanirudisha kwenye mizani kama mwanafunzi. Niliistahili. Barua hiyohiyo ilikuwa na ukurasa wa pili: tangu siku ile, abiria wa njia ya Lubumbashi wapimwe walivyo, na wapimwe kwa heshima. Hapo chini alikuwa ameandika kwa kalamu, "Asante kwa kupanda ngazi." Ukurasa wa kwanza niliutupa. Wa pili ninao.

Zile dakika tatu zikatoweka daftarini juma lilelile.

Mama Mireille alirudi baada ya siku kumi, na alinikatia salamu. Nilisikia kutoka kwa wengine kwamba alisimama harusini kwa sketi ya safari na fulana ya kuazima, ukoo wake ukiwa rangi kumi tofauti, huku upande wa bwana harusi wakimetameta. Vitenge vilifika wakati watu wanaosha masufuria. Akiniona kwenye robot, taa za kuongoza magari za barabara yetu, alivuka upande wa pili hata kama taa ni nyekundu. Kwa watu aliniita "yule aliyeharibu harusi ya mtoto wangu". Iliniuma, siwafichi. Sufuria lake moja lilibaki kwangu na sikuwa na uso wa kulirudisha.

Kwa nini sikumwambia alichosema Kapteni? Kwa sababu biashara yake ilikuwa kwenye ile ndege, kila mwezi. Mtu ukishamwonyesha alivyopona, miguu yake haimpeleki tena. Na kwa sababu ya ile ncha ya pili, ambayo sikuwa na namna ya kuieleza bila kujitetea. Nikanyamaza miaka tisa.

Nilistaafu mwaka jana. Kompyuta sasa zinapanga njia ambazo mimi nilizipanga kwa nusu siku, na zinazipanga vizuri. Sina kinyongo nazo. Ninachowausia wanaoanza ni kidogo tu. Umbali kati ya miji miwili haubadiliki, lakini watu wanaousafiri hubadilika kila siku, na ukitaka kuujua muda, waangalie wao. Na ulimi wa mtu wa kazi ni sehemu ya vyombo vyake vya kazi. Mimi wangu niliuachia wazi Jumapili moja.

Juma nililokabidhi kitambulisho changu nilitambua kwamba sasa naweza kusema. Mama Mireille alikuwa amezeeka magoti, ameacha safari, anashonea nyumbani tu. Nilibisha hodi. Alifungua, hakunikaribisha, hakufunga. Nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni: wingu, mabati, maneno ya Kapteni kama alivyoyasema. Nikamweleza na ile saa moja, kwamba pengine ni mimi niliyewapeleka kwenye upepo.

Aliegemea mlango. Kisha akasema, "Tulikuwa kumi na bane. Moja alikuwa na mimba."

"Najua."

"Na weye ulikaa na hii neno miaka yote."

"Nilikaa nayo."

"Upepo ni ya Mungu, dada. Usijibebeshe upepo. Bile kilo njo bilikuwa byangu."

Akanivuta ndani kwa mkono. Alichukua simu, akapiga Lubumbashi, akaiweka kwa sauti juu ya meza ya cherehani, na Mireille alipoitika, mama yake akamwambia: "Mwanangu, salimia huyu mama. Njo ye alinifikisha kwa harusi yako."

"Jambo, mama," ilisema sauti ya yule binti. Nilifungua mdomo nimjibu, nikashindwa, na Mama Mireille akamjibu kwa niaba yangu.